Nyumba Zinazotembea: Kutoka Mgongo wa Ngamia Hadi Nissan Yangu Kuukuu

Najua, najua. Niliahidi sehemu ya pili ya makala ya seva ya nyumbani, halafu nikapotea karibu miezi miwili. Sababu imeegeshwa nje ya dirisha langu hapa Wabera, Isiolo. Ni Nissan kuukuu, ya zile zilizokuwa zikibeba watalii kwenda Samburu na Shaba, zenye paa linaloinuka ili mzungu asimame apige picha ya twiga. Mwenyewe aliichoka akaiuza kwa bei ya kutupa. Nimeng'oa viti vya nyuma na kuweka ubao wa kitanda, na sasa paa lile linanisaidia kusimama wima ninapopika chai.

Mpango ni huu: kuishi humo miezi kadhaa nikifanya kazi yangu ya kuandika programu, nianzie hapa, nipande Marsabit, nivuke Moyale, nizunguke kusini mwa Ethiopia na kurudi. Bila hoteli. Bajeti yangu ni ya kijana anayelipwa kwa kazi za vipande vipande, si ya mtu mwenye pensheni ya Ulaya.

Basi jioni moja nyanya yangu, akko kama tunavyomwita kwetu, akaja kuliangalia gari. Akazunguka mara moja na kuchungulia ndani, akauliza swali moja tu: "Maji utayaweka wapi?" Nikamwonyesha tangi la plastiki chini ya kitanda. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Na wewe unadhani umebuni kitu."

Maneno hayo yalinikera usiku kucha. Ndiyo maana leo hakuna makala ya seva. Leo ni historia.

Tuanze na hilo gari lenyewe, kwa ufupi, maana habari zake zimejaa kila mahali. Gari la kuishi ndani, nitakaloliita gari-nyumba, lina baba wengi, lakini linalojulikana zaidi ni Volkswagen Kombi. Mwaka 1947 Mholanzi Ben Pon alichora mchoro wa sanduku lenye magurudumu, mwaka 1950 likaanza kutengenezwa Ujerumani, na mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kuliwekea kitanda na kabati. Vijana wa Ulaya wakalichukua hadi India na Afrika. Hadithi imekwisha. Ukiamini hadithi hiyo, nyumba inayosafiri ilizaliwa Ujerumani miaka michache baada ya vita.

Sasa rudi Isiolo. Wasomali wana nyumba wanayoiita aqal. Warendille wana yao, min. Wagabbra wanayo, na Wasakuye, watu wa akko, walikuwa nayo. Majina na mishono hutofautiana, lakini mfumo ni mmoja: fito ndefu zilizopindwa, mikeka ya nyuzi, ngozi na kamba. Mwanamke ndiye fundi wake na ndiye mwenye mali. Asubuhi ya kuhama anaifungua, anaipakia juu ya ngamia, na jioni inasimama tena mahali pengine.

Kilichonishangaza, mimi mwenye shahada ya kompyuta, ni ule upakiaji. Mikeka inayofunika nyumba ndiyo inayowekwa mgongoni mwa ngamia kama tandiko, ili mzigo usimchubue. Fito za nyumba zinafungwa ubavuni na kuwa fremu ya kushikilia vyombo. Juu ya fremu hiyo anakaa mtoto, mgonjwa, au ndama aliyezaliwa jana. Kwa hiyo nyumba haibebwi kama mzigo: nyumba yenyewe ndiyo tandiko na ndiyo kreti. Ukifika, tandiko linageuka paa. Karibu kila kitu kina kazi mbili, na hakuna kinachopanda kwa ajili ya uzuri tu, kwa sababu ngamia hubeba kilo 150 hivi, pengine zaidi kidogo, na akizidiwa atakaa chini na kukutazama.

Kwa Wagabbra kuna jambo tamu zaidi. Binti akiolewa, mama yake hutoa sehemu ya nyumba yake mwenyewe, fito na mikeka, iwe mwanzo wa nyumba ya binti. Mama anabaki na nyumba ndogo anayoijazia polepole. Wenzangu mnaoandika programu mtaelewa: unachukua nakala ya mradi wa zamani, unaanzisha tawi lako, unaliendeleza. Tofauti ni kwamba hapa ukitoa nakala, wewe mwenyewe unapungukiwa!

Basi akko alinikalisha chini tukapitia orodha yangu ya vitu. Jenereta ndogo? Toa. Meza ya kukunja na kiti cha kukunja? Mlango wa nyuma ukishushwa si meza? Toa. Masufuria matano? Mawili, moja liingie ndani ya jingine. Godoro zuri nililonunua Nairobi akalikubali, ila akataka nguo zangu zikae kwenye mfuko ambao usiku utakuwa mto. Nilikuwa nimesoma tovuti kumi na tano za wazungu wenye magari ya namna hii, na hakuna iliyonisaidia kama dakika ishirini za bibi ambaye hajawahi kuendesha gari.

Lakini mbona hakuna anayeandika kwamba aqal ni babu yake gari-nyumba? Nimefikiri sana juu ya hilo, na jibu langu ni makaratasi.

Angalieni ramani. Isiolo ilikuwa mlango. Kuanzia hapa kwenda juu, wakoloni Waingereza walipaita Northern Frontier District, NFD, yaani mpaka wa kaskazini. Sheria ya mwaka 1902 ilizifanya wilaya za pembezoni kuwa maeneo yaliyofungwa: kuingia kulihitaji kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwapa maofisa uwezo wa kuamua kabila gani likae wapi na lisivuke wapi. Hapa Isiolo kulikuwa na kizuizi cha barabarani. Mji wenyewe ulikuzwa kwa sehemu kubwa na askari wa Kisomali waliopigania Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakapewa ruhusa ya kukaa hapa. Hata kukaa kulikuwa kwa ruhusa.

Fikiria sasa mwanamke mwenye nyumba juu ya ngamia. Amefuata mvua, kama mama yake alivyofanya. Ghafla kuna mstari ambao hauonekani ardhini, na nyumba yake ikivuka mstari huo bila kibali, imevunja sheria.

Katika miaka ileile mlango huo ulifunguka vizuri kwa wengine. Mwaka 1924 Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson kutoka Kansas, walipanda kaskazini kwa magari ya Willys-Knight yaliyojaa vyakula, kamera na vifaa vya kusafisha filamu. Walikwenda kuishi kwenye ziwa lililo ndani ya kreta ya Marsabit, wakaliita Paradise. Tajiri George Eastman wa Kodak alikuwa miongoni mwa waliowadhamini. Waliishi kule kwa miaka kadhaa, wakapiga picha za tembo, Osa akalima bustani ya mboga na kuoka mikate. Nawaheshimu, sitaki mnielewe vibaya. Kuzoea maisha ya mbali na duka kwa miaka si mchezo, na ukisoma habari zao utaona shida zilezile: maji, uzito, chumvi imeisha, gari limezama mchangani. Waliporudi Afrika miaka ya 1930 walikuja na ndege mbili za kutua majini, moja imepakwa mistari ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Ile ya pundamilia ilikuwa na vitanda na jiko dogo ndani. Gari-nyumba lenye mabawa! Mwaka 1934 wakoloni wanatunga sheria ya kumzuia mama wa Kisakuye asihamishe nyumba yake, na mwaka huohuo nyumba ya Wamarekani inapita juu angani.

Wale waliotaka kutoka Cape Town hadi Cairo kwa gari walikuwepo pia. Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town Septemba 1924 na malori mawili ya Crossley, wakafika Cairo Januari 1926. Miezi kumi na sita. Siku hizi watu wanalalamika barabara ikiwachelewesha siku mbili.

Nikaribie nyumbani sasa. Mtaa ninaokaa una jina la mtu. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Tarehe 28 Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Hajji Galma Dida, wakiwa katika ziara ya kuwaomba watu wa kaskazini wabaki Kenya badala ya kujitenga na kujiunga na Somalia. Mwishoni mwa mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa, na vita tunavyoviita vya shifta vikaendelea hadi 1967.

Katika vita hivyo ndipo nyumba inayotembea ilipovunjwa mgongo. Mwaka 1966 serikali ilianza kuwakusanya wafugaji katika vijiji vya lazima, vilivyoitwa manyatta, vyenye ulinzi, karibu na vituo kama Garba Tula. Aliyeonekana nje na mifugo yake aliweza kuhesabiwa kuwa adui. Ng'ombe na mbuzi walikufa kwa kufungiwa mahali pasipo na majani ya kutosha. Ngamia walipigwa risasi, kwa kuwa ngamia ndiye aliyeweza kumbeba shifta. Wasakuye, watu waliotegemea ngamia kuliko kitu kingine, walitoka katika vita hivyo mikono mitupu.

Akko alikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi. Haelezi mengi. Nimemsikia akieleza jambo moja mara mbili katika maisha yangu, kwa maneno karibu yaleyale: kwamba ndani ya kijiji nyumba ya mama yake ilikuwepo, fito zote na mikeka yote, ila hapakuwa na ngamia wa kuibeba. Ikakaa mahali pamoja misimu miwili na mikeka ikaoza. Mchwa wakala fito. Baadaye wakaja mjini Isiolo wakajenga ya udongo na mabati. Ndiyo maana mimi ni mtoto wa mjini.

Nilipokuwa nikipiga misumari kwenye Nissan na kumsikia akicheka, sikujua anacheka nini hasa.

Baada ya hapo kaskazini ilikaa kimya katika safari za watalii wa magari kwa muda mrefu. Walioshuka kutoka Ulaya kwa Kombi, Land Rover na malori ya Bedford miaka ya 1970 wengi walivuka Sahara na kupitia Zaire, au walifuata Mto Nile kupitia Juba mpaka vita vya Sudan vilipoanza upya mwaka 1983. Ethiopia ya wanajeshi wa Derg haikuwa mahali pa kupita tu na hema lako. Mwaka 1991 mambo mawili yakatokea: Mengistu akakimbia Addis Ababa mwezi Mei, na huku kwetu hali ya hatari ya Kaskazini Mashariki ikaondolewa, baada ya zaidi ya robo karne. Njia ya Moyale ikaanza kuonekana kwenye madaftari ya wasafiri.

Nawakumbuka wageni wa miaka ya 2000, nilipokuwa mtoto. Walikuwa wakisimama kwenye vituo vya mafuta, gari jekundu kwa vumbi, paa limejaa jerikeni na magurudumu ya akiba, sahani ya namba ya Ujerumani, Uholanzi au Afrika Kusini. Kaskazini mwa mji kulikuwa na kizuizi cha polisi, na magari yalisubiri yaondoke kwa msafara wenye walinzi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa njiani. Baada ya hapo ni karibu kilomita 500 hadi Moyale bila lami. Barabara ilikuwa na mikunjo kama bati: ukienda polepole inakutikisa meno, ukienda kasi gari linaelea. Jangwa la Dida Galgalu baada ya Marsabit lilikuwa mawe meusi ya volkeno yanayokata matairi. Springi zilivunjika, skrubu zikafunguka zenyewe, kabati zuri lililojengwa kwa mbao Ulaya likafika Marsabit limekuwa kuni. Wenyeji wasio na magari walipanda juu ya malori ya ng'ombe, wameshika vyuma, siku mbili au tatu.

Baadhi ya wageni waliogopa barabara hiyo wakapita mashariki mwa Ziwa Turkana, kupitia Omorate na Ileret. Huko hapakuwa na ofisi ya uhamiaji ya kugonga muhuri, kwa hiyo waligonga wa kutoka Ethiopia kabla ya kuufikia mpaka, na wa kuingia Kenya wakaupata Nairobi, baada ya kuwa ndani ya nchi siku kadhaa. Hebu jiulize kama kijana wa Moyale angeweza kutembea siku tano ndani ya Kenya bila karatasi, afike Nairobi na kusema "nimekuja mnigongee".

Wakifika Nairobi walikuwa na mahali pao pa kupumua, hasa Jungle Junction ya Mjerumani Christoph Handschuh, mahali pa kuegesha, kufua, kutengeneza gari na kuuziana vitu. Wageni wa namna hii wanafahamiana kama wanablogu wa Kiswahili walivyokuwa wakifahamiana zamani: wachache, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa sifa zake.

Lami ilianza kupanda mwishoni mwa miaka ya 2000, Isiolo hadi Merille kwanza, kilomita 136, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vipande vingine vikafuata, Merille hadi Marsabit, Marsabit hadi Turbi, Turbi hadi Moyale. Ilipofika 2017 ulikuwa unaweza kunywa chai asubuhi Isiolo na kula chakula cha jioni Moyale. Kituo cha pamoja cha mpakani kikafunguliwa rasmi Desemba 2020. (Turbi, kwa wasiojua, si jina la kipande cha barabara tu. Julai 2005 watu wengi waliuawa pale, wakiwemo watoto wa shule. Wageni wanapita kwa kilomita 100 kwa saa, na wengi wetu pia.)

Sasa tuje kwenye bajeti, maana mmesubiri.

Gari lenyewe si ghali kuishi ndani yake. Isiolo hadi Moyale, gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100, ni lita 60 hivi. Chakula unapika. Umeme ni hesabu ndogo: betri ya amp-saa 100 ya volti 12 ina takriban wati-saa 1,200, laptopu ya wati 60 kwa saa nane ni 480, antena ndogo ya setilaiti ya wati 30 kwa muda huohuo ni 240, taa na simu ni chenji. Jua la Isiolo linarudisha hayo yote kwa paneli moja ya kawaida. Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023. Ng'ambo ya Moyale nitatumia laini ya simu, Safaricom Ethiopia ipo tangu Oktoba 2022. Mambo hayo ndiyo nilidhani yatakuwa magumu. Nilitumia wiki mbili kuyapanga, na hayakuwa magumu.

Kigumu ni karatasi. Ukipeleka gari nchi nyingine kwa muda, forodha inataka kujua kwamba hutaliuza huko bila ushuru. Dunia ilitatua hilo kwa kitabu kiitwacho Carnet de Passages en Douane, na mkataba wa New York wa mwaka 1954 ukaweka taratibu zake. Kwa Kenya hutolewa na chama cha wenye magari, AA. Kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja kinakatwa ukiingia nchi, kimoja ukitoka, na kigutu kinabaki kitabuni kikiwa na mihuri yote miwili. Kitabu kinadumu mwaka mmoja. Ni kama ufunguo wa muda kwenye seva: umeingia, umetoka, kumbukumbu zinalingana, hakuna deni. Kazi safi kabisa ya uhandisi. Ila ili upewe lazima uweke dhamana, fedha taslimu au ya benki, na kwa baadhi ya nchi dhamana hiyo imewahi kuzidi bei ya gari mara kadhaa. Misri ndiyo ilikuwa inatajwa kwa hofu zaidi. Mgeni wa Ulaya analipa bima ya dhamana na kusonga. Mimi dhamana yangu ni karibu sawa na Nissan yote, na nimeiweka kwa kukopa kwa kaka yangu.

Halafu pasipoti. Mjerumani Gunther Holtorf aliacha kazi ya ndege, akazunguka dunia kwa Mercedes moja waliyoipa jina Otto, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2014, karibu kilomita 900,000. Yeye na mkewe Christine walilala ndani ya gari na kupika wenyewe, wakakwepa hoteli. Gari lile limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Mercedes huko Stuttgart. Nampenda mzee huyo na nimeiga mambo yake mengi ya kupanga gari. Lakini kinachofanya bajeti ndogo iwezekane ni pasipoti kama yake kabla ya kitu kingine. Mgeni wa Ulaya anayekuja Kenya tangu Januari 2024 anajaza fomu ya intaneti, na ada ilipoanza ilikuwa dola 30. Mimi nikitaka kwenda kwa Holtorf, viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na nikinyimwa hazirudi. Ndiyo maana naenda Ethiopia: Wakenya na Waethiopia hawadaiani viza. Ni mapatano ya tangu enzi za Kenyatta na Haile Selassie, na nayashukuru kila siku.

Na kabla ya pasipoti kuna kitambulisho. Wasomaji wa Nyeri au Machakos huenda hamjui. Kaskazini, kijana aliyefikisha miaka kumi na minane hakuenda tu na cheti cha kuzaliwa. Alipita mbele ya jopo la kumhoji, babu yako nani, alikaa wapi, chifu wake nani. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walichujwa na kupewa kadi za ziada. Mimi mwenyewe, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, niliambiwa nilete ushahidi wa mahali babu yangu alipokuwa akiishi. Mahali! Mtu ambaye nyumba yake ilikuwa juu ya ngamia! Mwanafunzi mwenzangu kutoka bara alipata kitambulisho kwa wiki chache, mimi miezi kumi na minne. Uhakiki huo wa ziada ulifutwa kwa agizo la rais Februari 2025. Mdogo wangu amefaidika, mimi nilishazeeka (nina ishirini na nane, msicheke).

Halafu kuna hili. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza kibali kipya, Daraja N, kwa wageni wanaohamahama na kompyuta zao huku wakilipwa kutoka nje. Sina neno, waje. Ila nilipoisoma habari hiyo nilimtafsiria akko: serikali inatoa karatasi kwa watu wasiokaa mahali pamoja. Akaniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri.

Nimesema watu wanaandika kwamba kaskazini unaweza kulala popote bure. Hapana. Ardhi ile ina wenyewe hata kama huoni uzio. Waborana wa Isiolo wanagawa malisho kwa maeneo ya dedha, na wazee wanaamua lipi la kiangazi lisiguswe. Kisima cha kina kina mwenye zamu, abba herega, anayepanga mifugo ya nani inywe siku gani na saa gani. (Mliosoma jinsi kompyuta inavyogawia programu zamu za kutumia prosesa, nendeni mkamwone abba herega kazini.) Ukiegesha gari karibu na kisima usiku, unazuia ng'ombe waliotembea siku mbili. Kwa hiyo utaratibu wangu ni wa zamani: nikifika kabla ya jua kuzama, natafuta mtu mzima, nasalimia, nasema mimi ni mtoto wa nani, naomba mahali. Haugharimu shilingi. Wageni wengi wakiufuata nao hupewa, tena na maziwa juu.

Na kwa mnaofikiria safari ndefu zaidi: vita vya Sudan vilipozuka 15 Aprili 2023, njia ya Khartoum hadi Cairo ilikatika, na magari mengi ya Ulaya sasa yanashuka kwa upande wa Afrika Magharibi. Isiolo siku hizi naona wachache. Ukivuka Moyale kumbuka pia unahamia upande wa kulia wa barabara, na usukani wangu uko kulia, kwa hiyo sitaweza kuona mbele ya lori bila kutokeza gari lote. Fundi mmoja hapa amenifungia kioo cha ziada upande wa kushoto. Tutaona.

Nimefanya majaribio ya usiku tano upande wa Archer's Post. Usiku wa kwanza sikulala, joto. Wa pili niligundua tangi langu la maji chini ya kitanda halifikiki bila kuondoa godoro, begi na kompyuta, na maji yenyewe yalinuka plastiki. Nikarudi. Akko hakusema neno. Alimtuma mtoto dukani akanunua jerikeni mbili za njano za lita ishirini, akazifunga kwa kamba pande zote mbili za mlango wa nyuma, moja kulia, moja kushoto, uzito ulingane. Akaivuta kamba, akaona inashika. Kisha akaniambia niifungue na kuifunga mwenyewe, mara tatu, mpaka nikaweza gizani.

Naondoka Jumatatu baada ya swala. Makala ya seva itasubiri Marsabit.